Mpaka wa Mibono

Msimu wa karafuu ulikuwa ndio kwanza unaanza. Silima alikuwa anatandaza karafuu mbichi juu ya majamvi uani kwake Mtondooni, na mkewe Mwanapili amesimama mlangoni akimwambia kuwa anazirundika, zitavunda, wakati Bi Decheni alipopiga hodi kuomba mahali pa kujenga kibanda.

Bi Decheni alikuwa mwanamke wa makamo kutoka Tibeti. Aliteremka Mkoani mwishoni mwa mwaka wa hamsini na tisa pamoja na shemeji yake Jivraj, mwenye duka Chake Chake, ambaye alitoka Bara Hindi na mtoto mchanga aliyeachwa na marehemu mkewe, dada yake Bi Decheni, na alihitaji mlezi. Mtoto alipoanza kukimbia mwenyewe kazi ikaisha, na Bi Decheni akapanda lori la wachumaji. Alichuma vizuri kuliko wengi, kwa sababu hakuwa na khofu ya kwenda juu. Kipemba alikwishakijua, na alikisema taratibu kama anayechambua choroko.

"Jenga," alimwambia Silima, aliyekuwa mkubwa wa kiambo kile. "Panda muhogo, panda kunde, panda viazi. Nti wa kudumu usipande."

Hakuwa anamfanyia roho mbaya. Kwa Wapemba ardhi ni kitu kimoja na mti ni kitu kingine. Ukimruhusu mgeni apande mkarafuu katika kiambo chako, ardhi inabaki yako lakini mkarafuu ni wake, na wajukuu zake watakuja kuuchuma mbele ya wajukuu zako bila ya kuomba ruhusa. Bi Decheni aliitikia, akajenga, akapanda muhogo. Mbele ya mlango alipanga mawe machache, moja juu ya jingine, akasema kwao ndivyo wanavyofanya watu waliosafiri.

Mawe yakaota. Masika yalipoingia yalikuwa yamefika kwenye upenu. Baada ya Idi yalikwishaupita mnazi, na kileleni pakaanza kukaa kitu cheupe ambacho hakikuyeyuka hata jua la mchana. Watu wa Mtondooni walihamisha kamba zao za kuanikia nguo. Wavuvi wa Kojani walikuja na makanda kuchukua ule weupe wa kuhifadhia samaki, na walikuwa waungwana, hawakuondoka bila ya kuacha changu wawili watatu. Mwanapili alianza kujifunika kanga mbili jioni, na kila alipojifunika alimtazama mumewe kwa jicho la kumlaumu.

Sheha alipeleka habari kwa Mudir, afisa wa serikali wa sehemu ile, na Mudir akaja kutoka Chake Chake na gari yake. Alitaka kujua kama mlima ule ni mmea wa kudumu, kwani kama ni mmea wa kudumu basi Bi Decheni amevunja sharti. Aliuliza una mizizi. Hakuna aliyejua. Aliuliza unazaa nini. Akaambiwa hauzai. Mudir akaamua kwamba kisichozaa si mmea, akala samaki wa kupaka kwa Mwanapili, akaondoka. Mlima ukaendelea.

Mtu wa kwanza kufika kwenye upenyo ulio baina ya vilele viwili alikuwa Nyange, mchungaji, aliyekuwa anamtafuta mbuzi wake. Aliporudi alisema kuwa upande wa pili hauonyeshi Kojani wala bahari. Kuna bonde pana la majani makavu, kuna mahema meusi, na barabara inayopita magari ya askari. Mbuzi hakumwona. Bi Decheni aliacha kutwanga, akauliza kama lipo hema moja lenye kiraka cheupe upande wa mlango. Nyange akasema lipo, na kuna bibi kizee anakamua mnyama. Bi Decheni akaendelea kutwanga, lakini machozi yalikuwa yanaingia kwenye kinu.

Bibi yule alikuwa mama yake. Mwezi wa Machi wa mwaka ule wa hamsini na tisa, watu wa mji mkuu wa Tibeti walipoinuka dhidi ya Wachina, mume wa Bi Decheni alikuwa miongoni mwao na hakurudi. Wake za watu kama yeye walikuwa wakitafutwa. Bi Decheni alivuka milima kwenda Bara Hindi pamoja na msafara, akamwacha kwa bibi yake binti yake Yudoni, aliyekuwa na homa, kwa imani kwamba baada ya mwezi watakuwa wamerudi wote.

Wiki ile ile aliyorudi Nyange, Yudoni aliteremka. Alikuwa na umri wa miaka kama tisa, mashavu mekundu, anaswaga ng'ombe watatu wenye manyoya marefu yanayoburura chini. Mama yake alimshika kichwa kwa mikono miwili, akamtazama muda mrefu, kisha akampa muhogo. Tangu siku hiyo mtoto alikuja kila alipopata nafasi. Alilala kwa mama yake, akacheza nage na watoto wa kiambo, akaokota Kipemba kama watoto wanavyookota kila kitu, na asubuhi akapanda kwenda kumsaidia bibi kukamua. Vijana walijaribu kuingiza mmoja wa wale ng'ombe katika mchezo wa ng'ombe, ule wa kumchokoza fahali mpaka awafukuze watu. Alisimama katikati ya uwanja, akatafuna, akalala. Watu walirudi nyumbani wamechukia.

Alasiri moja walikuwa wamekaa wote wanachambua karafuu, kila mmoja na ungo wake, na Jivraj amekuja kuangalia mzigo. Silima aliuliza jambo lililokuwa likimkera siku nyingi.

"Bi Decheni, huyo Nchina kwenu ana nini hasa? Ana ardhi au ana miti?"

Bi Decheni alifikiri. "Zamani wafalme wao walikuwa wanafunzi wa mashehe wetu. Wao waleta zawadi na ulinzi, siye twawaombea dua. Mara wakileta askari, mara tukawatoa. Babangu mie kakaa miaka arubaini hajamwona askari wao hata mmoja. Sasa wasema zile zawadi zilikuwa za mwenye nyumba kumpa mpangaji."

"Ebo!" alisema Mwanapili. "Mwanafunzi kapeleka sadaka kwa shehe wake, kisha ende akadai chuo?"

"Na wao wana vitabu vyao, Bi Mwanapili," alisema Jivraj, ambaye alikuwa na redio na kwa hiyo alipenda kuonekana hana upande. "Wanasema nchi ni moja tangu enzi za wafalme wa Mongolia. Mwingereza yeye alisema Mchina mkubwa wa juu, Mtibeti ajiendeshe ndani."

Silima alipiga goti lake kwa furaha. "Basi si ndo miti na ardhi hiyo! Jambo lenyewe jepesi!"

"Si jepesi," alisema Bi Decheni. "Kwetu twapanda shayiri, na shayiri haina miti."

Lakini Silima alikwishaelewa, na mtu aliyekwisha kuelewa hasikii tena. Huko kuelewa kwake ndiko kulikokuja kuleta balaa.

Bi Decheni alikuwa na haja moja tu: Yudoni abaki. Alitaka mtoto akae upande huu kwa ruhusa, si kwa kujificha kila inapopita gari ya Mudir, na aingie skuli ya wasichana Chake Chake. Bibi alikubali, alisema ng'ombe atawakamua mwenyewe mpaka mikono ikatae. Kwa hiyo Bi Decheni akaanza kwenda ofisini. Alikwenda asubuhi, akakaa kwenye benchi, akaitwa mchana.

"Mtoto anatoka nchi gani?" Mudir aliuliza.

"Tibeti."

"Hakuna nchi ya jina hilo katika nchi tunazozitambua, bibi. Leta kibali cha serikali ya China."

"Nikitaka hicho kibali sharti niseme mbele yao kuwa ntoto ni Nchina, na kuwa tangu hapo alikuwa Nchina."

"Basi sema."

"Nikisema hivyo, babake kafia nini?"

Mudir hakuwa mtu mbaya. Alimwagizia chai. Yeye mwenyewe alikuwa mtumishi wa Sultani aliyelindwa na Mwingereza, na katika miaka yake yote ya kazi hakuna aliyewahi kumwambia baina ya wale wawili yupi ana ardhi na yupi ana miti. Alimwambia aje tena mwezi ujao. Bi Decheni alikuja mwezi ujao, na ule uliofuata. Jivraj naye alimletea habari za redioni, kwamba Umoja wa Mataifa umepiga kura na kusema watu wa Tibeti waheshimiwe haki zao.

"Nani awaheshimu?" aliuliza.

"Hilo hawakulisema."

Bi Decheni alicheka kicheko ambacho Mwanapili hakukipenda. Siku hiyo alitia chumvi kwenye chai, na hii haikuwa kukosea, kwao ndivyo wanavyokunywa, lakini alitia nyingi.

Wakati huo ng'ombe wa manyoya walikuwa wameuonja muhogo wa Mtondooni na wameupenda. Waliteremka alfajiri wakang'oa shamba zima la Nyange. Nyange alilalamika, na malalamiko ya muhogo katika kiambo hayalazwi. Silima akasema dawa ni mpaka. Atapanda mibono pale kwenye upenyo, ishonane, ng'ombe wasipite, na iachwe njia ya mtu.

Sasa, mpaka wa mibono una utaratibu wake. Haupandwi na mtu mmoja. Jirani wa huku na jirani wa huko wanakutana mbele ya mashahidi, mmoja anachimba, mwengine anasimamisha kijiti na kukandamiza udongo, kisha wanakula chakula pamoja. Ukishapanda mpaka na mtu umekwishasema mbele ya watu kwamba upande wa pili ni ardhi yake. Hakuna maneno mengine yanayohitajika, na hakuna hakimu wa Pemba aliyewahi kuyafuta. Kuung'oa ni lazima mrudi wale wale wawili, kwa radhi.

Silima alimtuma Yudoni amwambie bibi yake aje kwenye upenyo Jumatano. Jirani ni yule bibi, hilo lilikuwa wazi kwa kila mtu. Bi Decheni siku hiyo alikuwa na miadi ofisini, na alikwenda kwa moyo mkunjufu. Alisema mpaka ukipandwa na mama yake, utakuwa ushahidi wa kumwonyesha Mudir.

Silima alipanda na Nyange na kijana mwengine wa kuwa shahidi, wamebeba vijiti vya mibono na kapu la mikate ya kumimina. Walipofika kwenye upenyo walimkuta afisa wa Kichina amevaa koti la pamba, na askari wanne nyuma yake. Nyuma ya askari alikuwepo bibi, amefumba mikono, na Yudoni ameshikwa bega.

"Karibu, jirani," alisema afisa. Alisema Kiswahili safi, cha redio ya Peking. "Tumesikia kuna kazi ya mpaka. Tumekuja kusaidiana."

Hapa ndipo mtu mwengine angegeuka na vijiti vyake akarudi nyumbani. Lakini Silima alikuwa amelelewa vizuri mno. Mtu amepanda mlima kuja kukutana naye, amemwita jirani, ana baridi, na kapu limekwishafunuliwa. Alimtazama bibi, na bibi akatazama chini. Alijiambia kuwa huyu labda ndiye mwenye miti, na bibi ndiye mwenye ardhi, na mwenye miti naye ana haki ya kuwepo. Akachimba. Afisa akasimamisha kijiti na kukandamiza udongo vizuri, kama aliyezaliwa Mtondooni. Walipanda kutoka jabali la huku mpaka jabali la kule, na njia ya mtu haikuachwa kwa sababu afisa alisema haina haja. Walikula mikate. Afisa alisifu tui.

"Watu wa huku walikuwa watumwa wa mabwana," alimweleza Silima walipokuwa wakila. "Leo watoto wao wanasoma. Kijana huyu," akamwonyesha Yudoni, "atakuwa daktari."

"Inshallah," alisema Silima.

Silima alipoteremka, Mwanapili alimsubiri amalize kunywa maji, akataka kusikia. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Umempa ardhi na miti," alisema. "Na mikate yangu juu yake."

Bi Decheni alirudi na gari la jioni. Hakuna aliyetaka kumwambia, kwa hiyo walimwambia wote kwa pamoja. Alikaa chini palepale njiani. Silima alianza kuomba radhi, akasema yeye hakumaanisha, alikuwa anaona haya kumrudisha mtu.

"Mabwana walikuwepo," alisema Bi Decheni, kama anayeendelea na mazungumzo mengine. "Mamangu kawabebea kuni mpaka mgongo ukapinda. Wangetuacha tukawatoa wenyewe. Wangetuacha tu." Kisha akamwangalia Silima. "Weye nd'o wa mwanzo katika ulimwengu huu kuniuliza kwetu nani ana nini. Kisha ukenda ukawajibu wao."

Alikasirika na hakuficha kwamba amekasirika. Kwa muda mrefu hakuitikia salamu ya Silima, na katika kiambo kutoitikia salamu ni jambo zito. Silima alilistahiki na alijua.

Kweli alijaribu kuutengua. Alipanda kwenye upenyo, akamwita afisa ili waing'oe mibono kwa radhi. Akaambiwa afisa yule amehamishwa. Huyu mpya alimsikiliza kwa adabu, akamwambia kuwa mpaka ule upo tangu enzi na enzi. Mibono wakati huo ilikuwa inamfika magotini. Silima alishika kijiti kimoja akakivuta kwa nguvu zake zote, na hakikutikisika, kwa sababu mibono iliyopandwa na watu wawili haimtii mmoja. Aliteremka mikono ina malengelenge.

Habari za mpaka zilipofika ofisini zilipokewa vizuri. Mudir alifurahi kwamba jambo limekaa sawa. Alimwambia Bi Decheni kwamba sasa hakuna tena shaka ni serikali gani aiombe kibali. Alimwagizia chai.

Miaka ile ilikuwa ya siasa, na watu wa Pemba walikuwa na mengi ya kugombana, nani azikane na nani, nani anunue duka gani. Desemba ya sitini na tatu Mwingereza aliondoka, bendera mpya ikapandishwa Chake Chake, na Zanzibar ikakaa kwenye kiti chake Umoja wa Mataifa. Bi Decheni alikuwa wa kwanza kwenye benchi. Mudir alimwambia kuwa sasa serikali ni yetu, ataliuliza upya suala lake, asubiri mwezi mmoja tu. Kabla ya mwezi mmoja kutimia serikali ile ilipinduliwa na Mudir hakuonekana tena. Afisa mpya, aliyekuja na bunduki mlangoni, alisema China ni rafiki wa Mapinduzi, na rafiki haulizwi habari za ndani ya nyumba yake. Alimsifu Silima hadharani kwa kupanda mpaka mzuri. Aprili ilipofika, afisa huyo mwenyewe aliamka akakuta nchi yake imeunganishwa na nyengine na jina lake limebadilika, na kiti kule kwenye Umoja wa Mataifa hakipo tena. Bi Decheni alikuwa kwenye benchi siku hiyo pia. Walitazamana. Afisa akamwambia aje mwezi ujao.

Lililobaki lilikuwa la kuonana. Yudoni alikuwa anaruhusiwa kuja mpaka kwenye mibono Ijumaa, akitoka skuli ya kule. Mama alikaa upande huu, mtoto upande ule. Mkalimani wa askari alikaa karibu, na kwa kuwa alikuwa anajua Kitibeti na Kiswahili cha redio, wao walizungumza Kipemba.

"Bibi hajambo?"

"Hajambo, ila miguu yamuuma. Kasema usinywe chumvi nyingi."

"Weye wala?"

"Nala, mama."

Lakini mibono ni mti unaokua. Desturi ni kwamba kila mwisho wa vuli majirani wawili wanakutana tena, wanaupogoa pamoja, na kupogoa pamoja ni kukiri upya. Silima aliapa kuwa hatakwenda. Mwaka wa kwanza hakwenda, wa pili hakwenda, na aliona kwamba ameanza kuilipa dhambi yake. Mibono ikafika kifuani mwa Yudoni, ikafika mdomoni, ikafika machoni. Theluji haikuidhuru. Mwaka ule wa sitini na nne mama alikuwa anasikia sauti tu, na sauti yenyewe ilikuwa inabadilika, kwa sababu mtoto alikuwa anakuwa mwanamke, na mama hakujua inatoka kwenye uso gani.

Mwisho wa vuli Bi Decheni alipiga hodi uani kwa Silima. Alikuwa ameshika panga lililonolewa.

"Shikamoo, Mzee Silima," alisema. Ilikuwa salamu ya kwanza tangu siku ile ya mikate.

"Marahaba," alisema Silima.

"Nenda kapogoe."

Silima alilitazama panga. "Bi Decheni, nikenda n'tasema tena kuwa kule ni kwa Nchina. Kila mwaka n'tasema."

"Najua utakalosema. Pogoa."

Mwanapili alitoka jikoni, akataka kusema neno, akarudi ndani kufunga mikate kwenye kapu. Silima akalichukua panga. Walipanda pamoja, yeye mbele na Bi Decheni nyuma, na afisa wa mwaka ule alikuwa amekwishafika, kijana mwenye miwani, ana panga lake.

"Habari za tangu hapo, jirani," alisema afisa.

Silima aliweka kapu la mikate chini. Nyuma yake Bi Decheni alikohoa.

"Nzuri, jirani," alisema Silima.

Wakapogoa, kila mtu upande wake, kutoka jabali la huku mpaka jabali la kule. Matawi yalipoanguka, palikuwa na msichana mrefu amesimama na kitambaa chekundu cha skuli shingoni, na kwanza Bi Decheni alimtafuta mwanawe nyuma ya msichana huyo, akidhani Yudoni hajafika. Kisha walisimama wakatazamana. Silima aliokota matawi ya upande wake akayarundika kando, kama desturi inavyotaka, halafu akakaa kula mikate na jirani.